Kaskazini ya Kanada: Sheria ya Lugha Ipo, Walimu Je?

Suala la lugha na elimu limezisumbua nchi nyingi za dunia, lakini ni chache zilizokabiliwa na mtihani mgumu kama ule wa Kanada. Huko kaskazini yake ya mbali, ambako bahari huganda kwa miezi mingi na jua huadimika wakati wa baridi, wanaishi Wainuit, Wadene na wenyeji wengine waliokuwapo kabla ya bendera yoyote ya Ulaya kutwekwa katika ardhi ile. Kwa muda wa karne nzima serikali ilitumia shule kuzizima lugha za watu hao. Leo serikali hiyo hiyo yatoa fedha, yatunga sheria na kufungua ofisi ili lugha hizo zipate kuishi. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji jinsi mageuzi hayo yalivyotukia, na kwa nini safari yake bado ni ndefu.

SHULE ZILIZONYAMAZISHA WATOTO

Tangu miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000 walitengwa na wazazi wao wakapelekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa, kwa sehemu kubwa, na makanisa. Katika nchi za barafu mfumo huo ulienea hasa baada ya mwaka 1950, mabweni yalipojengwa Chesterfield Inlet, Inuvik, Yellowknife na kwingineko. Mtoto aliweza kupakiwa katika ndege, akasafirishwa mamia ya kilomita, asiwaone wazazi wake mpaka mwaka wa masomo umalizike. Katika nyingi ya shule hizo, kusema lugha ya mama kulikuwa kosa lenye adhabu.

Hata majina hayakusalimika. Katika miaka ya 1940 serikali iliwagawia Wainuit vibati vyenye namba, kwa kuwa makarani walishindwa kuyaandika majina yao. Askari huvaa kibati kama hicho ili atambulikane akianguka vitani. Raia huyu wa amani alipewa chake ili karani asipate taabu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo Abe Okpik, Mwinuit wa kwanza kuingia katika Baraza la Northwest Territories, alipotumwa kuzunguka kijiji kwa kijiji akiwauliza watu majina ya ukoo waliyoyataka wao wenyewe.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini watu hawa hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Jambo hilo lilikirihiwa hadharani tarehe 11 Juni, 2008, Waziri Mkuu Stephen Harper aliposimama Bungeni na kuomba radhi kwa niaba ya taifa. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyomaliza kazi yake mwaka 2015, ilitoa miito 94 ya utekelezaji, na baadhi ya miito hiyo ilihusu lugha moja kwa moja.

SHERIA ZATUNGWA

Kwa hakika kaskazini yenyewe haikungoja radhi hiyo. Northwest Territories ilipitisha sheria yake ya lugha mwaka 1984, na marekebisho ya mwaka 1990 yakazipa lugha za wenyeji hadhi ya lugha rasmi. Hivi leo eneo hilo lina lugha rasmi 11, na 9 kati yake ni za wenyeji.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa kuzaliwa kwa Nunavut, tarehe 1 Aprili, 1999, kutokana na mkataba wa ardhi uliotiwa sahihi mwaka 1993. Eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 2, na hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha wakazi 36,858 tu, walio wengi wao wakiwa Wainuit. Wanaishi katika miji na vijiji 25, wala hakuna barabara inayounganisha kijiji kimoja na kingine. Kitabu cha shule, chaki na hata mwalimu mgeni hufika kwa ndege, au kwa meli katika miezi michache ambayo barafu imeyeyuka.

Mwaka 2008 Baraza la Kutunga Sheria la Nunavut lilipitisha Sheria ya Elimu pamoja na Sheria ya Kuilinda Lugha ya Kiinuit. Kwa sheria hizo, mtoto alipewa haki ya kufundishwa kwa lugha yake, kwanza katika madarasa ya chini, kisha, ifikapo mwaka 2019, katika madarasa yote. Na mwaka huo wa 2019 Bunge la Kanada likapitisha Sheria ya Lugha za Wenyeji, iliyoanzisha ofisi ya Kamishna wa kuzisimamia na kuweka msingi wa kuzipatia fedha. Mwaka 2021 Mary Simon, Mwinuit aliyelelewa katika lugha ya Kiinuktitut, aliapishwa kuwa Gavana Mkuu, mwenyeji wa kwanza kushika cheo hicho.

TATIZO LA WALIMU

Hata hivyo, sheria bila mwalimu ni bunduki isiyo na risasi. Hapo ndipo penye kiini cha mambo.

Mafunzo ya walimu Wainuit yalianzishwa huko Frobisher Bay, mji uitwao sasa Iqaluit, mwaka 1979. Mpango huo umetoa walimu hodari, lakini idadi yao haijatosheleza haja. Mwaka 2006 jaji mstaafu Thomas Berger alitoa ripoti ambayo iliwashtua wengi. Alieleza kuwa watoto Wainuit 75 katika kila 100 walikuwa wakiacha shule kabla ya kuhitimu. Sababu aliiona katika mpangilio wenyewe: mtoto alianza kusoma kwa lugha ya mama, kisha akiwa angali mdogo akageuziwa Kiingereza ghafla, asipate kuimudu barabara lugha ya kwanza wala ya pili. Jaji huyo alishauri lugha zote mbili zifundishwe tangu mwanzo hadi mwisho wa shule, na Ottawa ichangie gharama.

Msomaji wa Kiswahili ataelewa upesi ugumu wa kugeuziwa lugha namna hiyo. Kama sisi tunavyoshikamanisha viungo na kusema "hatukuwaandikia", ndivyo Kiinuktitut kinavyoweza kubeba sentensi nzima katika neno moja. Neno "tusaatsiarunnanngittualuujunga" lina maana ya mtu kusema kwamba hawezi kusikia vizuri hata kidogo. Akili iliyozoea kujenga maneno hivyo haiwezi kuhamishwa kwa amri ya siku moja.

Fedha zilitolewa. Mwaka 2015 serikali kuu ilikubali kulipa dola milioni 255.5 ili kumaliza kesi iliyohusu utekelezaji wa mkataba wa 1993, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitengwa kwa mafunzo ya Wainuit. Lakini mwalimu hapikwi kwa siku moja. Mwaka 2019 ulipita na ahadi haikutimizwa. Mwaka 2020 sheria ilirekebishwa, na tarehe ya kufikia madarasa yote ikasogezwa hadi 2039. Mwaka uliofuata chama cha Nunavut Tunngavik, kinachosimamia haki za Wainuit chini ya mkataba, kiliishtaki serikali ya Nunavut mahakamani.

Pande zote mbili zina hoja. Serikali yasema haiwezi kuahidi masomo ambayo hakuna wa kuyafundisha. Chama nacho chajibu kuwa uhaba wa walimu si maradhi yaliyoshuka kutoka mbinguni, bali ni matunda ya miaka mingi ya kutowaandaa. Anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa amekwisha kumaliza shule kabla ya mwaka 2039 kufika. Kwake yeye, kuahirisha ni sawa na kunyimwa.

MAANDISHI NA ULINZI

Yako pia masuala ya maandishi. Sehemu kubwa ya Nunavut hutumia herufi za silabi, zilizotokana na zile alizozibuni mmisionari James Evans mwaka 1840 kwa ajili ya watu wa Cree. Sehemu nyingine hutumia herufi za Kirumi. Kwa hiyo kitabu kilichopigwa chapa mahali pamoja huenda kisisomeke kwingine. Mwaka 2019 viongozi wa Wainuit wa Kanada nzima walipitisha mwandiko mmoja wa pamoja wa herufi za Kirumi, bila ya kuilazimisha jamii yoyote kuutupa mwandiko wake wa zamani. Huo ni uamuzi wa busara, kwani shule hujengwa kwa vitabu, na vitabu vya watu wachache ni ghali.

Jeshi la Kanada nalo limejifunza thamani ya maarifa ya wenyeji. Tangu mwaka 1947 kikosi cha Canadian Rangers kimewaandikisha wakazi wa vijiji vya mbali kulinda mipaka ya nchi, na askari wanaotoka kusini hufundishwa nao kujenga nyumba za theluji na kuyatambua mabarafu. Maarifa hayo yalirithiwa katika lugha za wazee. Lugha ikifa, maarifa hayo hupoteza njia iliyoyafikisha hapa.

Somo la kaskazini ni wazi. Serikali yaweza kuidhoofisha lugha kwa kizazi kimoja, lakini kuifufua huhitaji vizazi kadhaa, fedha zisizokatika, na walimu waliozaliwa ndani yake. Radhi imekwisha kuombwa na sheria imekwisha kuandikwa. Kilichobaki ni kumweka mbele ya kila ubao mwalimu anayesema lugha ya watoto walioketi mbele yake, nao wangali watoto.