Picha ya Siku ya Kawaida

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo nawasimulia habari za fundi seremala aliyependa kamera, kisha tuone namna ninyi wa Munkunyu, hapa magharibi ya Uganda, mnavyoweza kufuata nyayo zake kwa simu mlizo nazo.

Kabla ya fundi huyo, mwaka 1906, ulifika katika milima yetu ya Rwenzori msafara wa Luigi Amedeo, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia. Mpiga picha wake alikuwa Vittorio Sella. Enzi hizo picha za namna yake zilipigwa kwenye vioo vizito, na vioo hivyo vilibebwa na watu kupita matopeni na ukunguni hadi kwenye theluji. Sella alifuata vilele, kirefu kuliko vyote kikiwa Margherita chenye mita 5,109, na kilele kimoja cha Mlima Luigi di Savoia kinaitwa Sella mpaka leo.

Lakini nani angewapiga picha watu wa kawaida, siku ya kawaida? Huko Mbarara, kuanzia miaka ya 1930, alikuwapo Musa Katuramu. Alikuwa fundi seremala na mwalimu wa ufundi huo. Kamera aliishika kwa mapenzi, akawapiga picha watu aliowafahamu. Hakuna msafara uliomtuma.

Sasa sikilizeni picha ilivyotengenezwa zamani hizo. Filamu ilipakwa dawa yenye madini ya fedha. Ukifungua tundu la kamera kwa muda mfupi sana, mwanga unaingia na kuigusa ile dawa. Filamu ikisafishwa gizani, palipopata mwanga mwingi panakuwa peusi: shati jeupe linaonekana jeusi, nywele nyeusi zinaonekana nyeupe. Hiyo ndiyo negativu. Ili kupata picha yenyewe, mwanga hupitishwa kwenye negativu ukaangukia karatasi yenye dawa, na cheupe kinarudi kuwa cheupe, cheusi kuwa cheusi. Kazi hiyo ya karatasi ilifanywa kwa taa nyekundu, maana dawa yake haidhuriki na mwanga mwekundu.

Filamu moja pana ya wakati ule ilitoa picha 8 au 12, kutegemea kamera. Kwa hiyo mpiga picha hakubonyeza ovyo. Alimpanga mtu, akaangalia jua limekaa wapi, akatazama nyuma kuna nini, akasubiri. Sehemu kubwa ya picha ilikuwa imekwisha kutengenezwa kabla kidole hakijagusa kamera. Hilo ndilo ninalotaka mlishike.

Haya, twendeni uani kwa mama anayeanika kahawa kwenye mkeka. Kwanza msalimieni na mwombeni ruhusa. Akikataa, basi, heshima yake ni kubwa kuliko picha yenu. Akikubali, mwacheni aendelee na kazi, maana mikono inayogeuza buni inasema mengi kuliko mtu aliyesimama wima kama nguzo.

Halafu tazameni jua. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, tena tuko magharibi sana ya mahali ambako saa tunazotumia zinalingana na jua. Ndiyo maana jua letu hufika utosini karibu na saa saba mchana, si saa sita. Saa hiyo kivuli cha paji la uso kinafunika macho, na uso mzuri unaonekana umechoka. Njooni saa mbili asubuhi, mwanga ukiwa unatoka upande: kila punje ya kahawa ina kivuli chake kidogo, na mikunjo ya kitenge inaonekana. Kama hakuna budi ila mchana, mwombeni akae barazani, kivulini lakini karibu na ukingo. Mwanga unaodunda kutoka uani utamwangaza usoni taratibu.

Jambo jingine. Mtu akisimama mbele ya anga jeupe, simu inahesabu ule mwanga mwingi wa nyuma na kumfanya awe mweusi tii, asitambulike. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu. Itapima mwanga wa uso badala ya anga. Ngozi zetu zina rangi nyingi, hudhurungi, nyekundu, nyeusi inayong'aa, na mpiga picha mzuri haziachi zipotee.

Kisha hifadhini. Familia ya Katuramu ilizitunza negativu zake, na kwa sababu hiyo kundi la History in Progress Uganda, lililoanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, liliweza kuzinakili na kuwaonyesha watu wengine. Kama zingetupwa jalalani, tusingejua watu wa magharibi ya Uganda walivyovaa na walivyosimama mbele ya kamera ya mwenzao.

Kwa hiyo pigeni picha gulio la Kinyamaseke, fundi wa baiskeli, babu anayenoa panga, watoto wanaorudi kutoka kisimani. Chagueni chache zilizo nzuri, mzichapishe, na nyuma ya kila moja mwandike jina la mtu, kijiji na tarehe. Picha isiyo na jina baada ya miaka 50 ni sura ya mgeni. Yenye jina ni ya ndugu. Kazi hiyo haihitaji kamera ya bei kubwa. Inahitaji mtoto wa Munkunyu anayeamini kuwa jirani yake anastahili kukumbukwa.