Marejea: Mbolea Isiyongoja Meli
Bei ya mbolea ya viwandani ilipopanda mwaka 2022, Serikali yetu ililazimika kuanzisha ruzuku ili mkulima wa jembe la mkono asiachwe nyuma. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, ipo mbolea isiyongoja meli wala ruzuku, nayo ni marejea.

Mmea huu ni wa jamii ya kunde. Wenzetu wa magharibi mwa Kenya hupika majani yake na kuyaita mitoo. Katika vifundo vya mizizi yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Katika miaka ya 1980, Padri Gerold Rupper wa Abasia ya Peramiho, mkoani Ruvuma, aliueneza kwa bidii. Hupandwa kwa kusongamana hata magugu yakakosa mwanga, kisha hukatwa na kufukiwa unapochanua, kabla shina halijawa gumu kama ukuni.

Lakini tuseme kweli. Mwenye ekari moja hawezi kuiachia marejea msimu mzima. Watoto wale nini? Bwana shamba anayehubiri marejea bila kulijibu swali hilo hajatimiza wajibu wake. Mbegu na zipandwe katikati ya mistari ya mahindi baada ya palizi, ili mahindi yakisha kuvunwa, marejea yaendelee kukua kwa unyevu uliosalia. Wala tusidai kuwa yanatosha kwa kila kitu: fosforasi haipatikani hewani, na kwa hiyo samadi, au mbolea kidogo ya dukani, bado inahitajika.