Nairobi kwa Siku Moja: Anza na Udongo

Mgeni mwenye siku moja tu Nairobi kwa kawaida hupewa ratiba ya kukimbizana: twiga wa Lang'ata asubuhi, katikati ya mji saa sita, msitu wa Karura alasiri, kisha uwanja wa ndege. Nusu ya siku humwishia ndani ya gari, kwenye jam. Katika kazi yangu ya kutembeza wageni nimeacha kufuata orodha. Huwaambia watazame kwanza udongo.

Kusini na mashariki ya Nairobi ni uwanda wa udongo mweusi, ule unaoganda viatuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Kaskazini na magharibi ardhi hupanda, udongo ni mwekundu, maji hayatuami, kahawa na miti husitawi. Wamaasai walinywesha mifugo yao hapa, wakapaita Enkare Nairobi, maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilipofika Mei 1899, wahandisi waliweka kambi na karakana palepale, kwa kuwa hapo ndipo uwanda ulipoishia. Mbele yao palikuwa na vilima, kisha mteremko mkali wa Bonde la Ufa. Walihitaji mahali tambarare pa kupangia mabehewa. Kwamba pangekuwa makao makuu ya serikali badala ya Mombasa, hilo lilikuja baadaye, mwaka 1905.

Basi anza kwenye uwanda. Saa kumi na mbili asubuhi uwe langoni pa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946. Ina kilomita za mraba 117 tu, na imezungushiwa ua pande tatu. Kusini imeachwa wazi ili wanyama wapate kuingia na kutoka kuelekea Kitengela. Tembo hutawaona. Vifaru weusi na simba wapo. Daraja refu unaloliona likikatiza mbuga juu ya nguzo ni la reli mpya, ile ya SGR. Wageni wengi hukasirika kwamba linawaharibia picha. Mimi husema wapige tu, kwa sababu mji huu haujawahi kuwa na picha isiyo na reli.

Kufikia saa nne uwe Makumbusho ya Reli, nyuma ya stesheni ya zamani. Kuna behewa moja pale ambalo lazima ulione. Mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, afisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall alikaa ndani yake usiku akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamshinda, simba akaingia akamchukua.

Toka hapo kwa miguu. Katikati ya mji hapahitaji gari. Panda Moi Avenue, ukipita bustani ya kumbukumbu ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998, lililoua watu zaidi ya mia mbili. Mbele kidogo ni Hifadhi ya Nyaraka, katika jengo lililokuwa benki, na ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa mwaka 1966. Karibu na hapo amesimama waziri Tom Mboya wa shaba. Mtaa huuhuu ndiko alikopigwa risasi Julai 1969.

Sasa teremka River Road, na uhisi miguuni jinsi ardhi inavyoshuka. Wakoloni waligawa mji kwa mteremko huu: Wazungu wakachukua vilima vya udongo mwekundu, Wahindi wakawekwa kwenye bazaa, Waafrika wakasukumwa mashariki kwenye udongo mweusi usiopitisha maji. Tauni ilipozuka 1902, bazaa ilichomwa moto kwa amri ya serikali. Mitaro haikuwa ya kutosha, lakini waliolaumiwa ni wakazi.

Makumbusho ya Taifa yanataka siku yake yenyewe. Ukilazimika kuyapitia, nenda moja kwa moja kwa Mvulana wa Turkana, mifupa ya miaka kama milioni moja na nusu ambayo Kamoya Kimeu aliigundua 1984 kwa kuona kipande kidogo tu cha fuvu kati ya changarawe.

Jumba la mikutano la KICC huliweka mwisho, saa kumi na moja jioni. Lilibuniwa na Mnorwei Karl Henrik Nøstvik pamoja na David Mutiso, likakamilika 1973, lina ghorofa 28. Ukiwa juu ya paa, ule mpaka wa udongo unauona kwa macho: upande mmoja miti mfululizo hadi Karura, msitu ambao Wangari Maathai alipigwa Januari 1999 akiutetea usigawiwe wajenzi, upande wa pili mabati na maghorofa yaliyobanana hadi upeoni.

Ukishuka, barabara zote zitakuwa zimeziba. Usishindane nazo. Nenda Kariokor, mtaa uliopata jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Agiza mbavu za mbuzi, ugali na kachumbari. Nyama huchukua muda kuiva, na kufikia saa tatu gari zitakuwa zimeanza kusogea.