Asiye na Chama Aingie Mchujoni?

Katika mijadala ya Chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, suala lililotutoa jasho halikuwa la ngeli wala la ushairi. Lilikuwa hili: mpiga kura ambaye si mwanachama wa chama chochote cha siasa, je, aruhusiwe kupiga kura ya mchujo? Upande wa wapinzani ulishangiliwa hadi madirisha yakatetemeka. Kengele ililia kabla sijainua mkono, kwa hiyo yangu nayasema hapa.

Kwanza tuelewane. Mchujo si uchaguzi mkuu. Ni kura ambayo chama huipiga chenyewe kuamua ni nani, kati ya watano au kumi wanaokitaka kiti, atakayepewa cheti na kupeperusha bendera ya chama. Mwenye cheti ndiye anayepeleka jina lake kwa IEBC. Wale wengine, pole yao.

Hoja ya wapinzani ilikuwa rahisi na tamu. Walisema: sisi wanachama wa Kiswahili tukimchagua mwenyekiti wetu, watu wa Chama cha Sayansi wanatafuta nini humu? Wengine watakuja kwa sababu wamesikia kuna soda. Wengine watakuja kwa hila, wamchague mwanafunzi dhaifu asiyejua hata kutofautisha methali na nahau, ili chama chetu kife na chao kinawiri. Kikulacho ki nguoni mwako, sembuse ukimfungulia mlango mwenyewe!

Sikatai, hoja hii ina uzito, na hata mahakama kubwa zimeiona. Huko Marekani, ambako tafiti za Gallup huonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya watu hujiita huru, yaani hawajifungi kwa chama, ugomvi huu ni wa miaka mingi. Mwaka wa 1996 wapiga kura wa California walipitisha utaratibu wa kumruhusu mtu yeyote kupiga kura katika mchujo wa chama chochote, hata akachagua gavana wa chama hiki na seneta wa chama kile siku moja. Vyama vikakimbilia mahakamani, na mwaka wa 2000 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba chama hakiwezi kulazimishwa kuchaguliwa mgombea na watu wasio wake. Wapinzani walilitaja jambo hilo kwa mbwembwe. Wasilolitaja ni kwamba mwaka wa 1986 mahakama hiyohiyo iliamua kesi ya Connecticut. Huko chama cha Republican chenyewe kilitaka kuwakaribisha wasio na chama, sheria ya jimbo ikakizuia, na mahakama ikasema chama kikitaka wageni kiachwe kipokee wageni. Kwa hiyo hata huko swali si kama wageni ni haramu. Swali ni nani mwenye ufunguo.

Sasa turudi shuleni. Tuseme mwalimu mkuu atangaze hivi: kuanzia leo, mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili ndiye atakayekuwa kiranja mkuu wa shule nzima. Jamani, kuna atakayekaa kimya? Watu wa Sayansi, wa Drama, wa kandanda, na wale wasio katika chama chochote ambao hukimbilia nyumbani saa kumi kuchota maji, wote watadai kura. Na watakuwa na haki, kwa maana kura ambayo jana ilikuwa ya watu arobaini leo inampa mtu rungu la kuwaamrisha wote.

Hivyo ndivyo hali ilivyo katika sehemu nyingi za Kenya. Kuna maeneo ambayo chama kimoja kimeota mizizi hata mwenye cheti chake anaanza kupongezwa kabla ya Agosti kufika. Katika eneo kama hilo uchaguzi hasa ni ule mchujo. Huo wa Agosti ni kama kupiga muhuri barua iliyokwisha kuandikwa. Asiye na chama atapanga foleni alfajiri, atatiwa wino kidoleni, lakini aliyekuwa na nafasi ya kuchagua ni mwenzake aliyekwenda mchujoni miezi kadhaa mbele.

Kenya ilikwisha kuionja dawa hii kwa kijiko kikubwa. Mwaka wa 1988 chama kilikuwa kimoja tu, KANU, na mchujo ulikuwa wa mlolongo: wanachama walijipanga hadharani nyuma ya mgombea wao au wakala wake, wakahesabiwa kama kondoo. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amepita bila kupingwa, na hapo hakukuwa tena na kura ya siri kwa kiti hicho. Asiye na kadi ya KANU hakuruhusiwa kujipanga. Viongozi wa makanisa walilalamika kwamba mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja amewagawanya kondoo wake, na asiposimama amepoteza kura yake. Mlolongo ulikataliwa mwaka wa 1990, na vyama vingi vikarudi mwishoni mwa 1991.

Siku hizi sheria imelegea upande mmoja na kukaza upande mwingine. Katiba ya 2010 inamruhusu mtu kugombea bila chama, mradi asiwe amekuwa mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Anayetaka ubunge wa eneo anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 1,000 wa hapo. Na watu hupita! Mwaka wa 2017 Ndiritu Muriithi wa Laikipia na Mohamed Kuti wa Isiolo walichaguliwa magavana bila chama. Lakini marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2022 yanasema kura ya moja kwa moja ya mchujo ni ya wanachama waliosajiliwa, na chama kikipenda kinaweza kuwaachia wajumbe wachague. Mlango umefungwa, basi.

Mimi nauonea shaka mlango huo. Vyama vikubwa hulipwa ruzuku kutoka Hazina ya Vyama vya Kisiasa, na hazina hiyo hujazwa na kodi ya kila mtu, hata ya muuza sukuma wiki asiye na kadi. Mbali na hayo, hao wanachama waliosajiliwa ni akina nani? Mwaka wa 2021, Wakenya walipowezeshwa kujiangalia kwenye mtandao, wengi walijikuta wanachama wa vyama wasivyovijua.

Ningekuwa na uwezo, ningeviachia vyama vifungue mlango vyenyewe, kama Connecticut, lakini chama kinachochukua ruzuku kilazimike kumpokea asiye na chama. Hila ya kumchagua dhaifu ina dawa: michujo yote ifanywe siku moja, na kila mtu apakwe wino aingie mlango mmoja tu. Mwanachama wa chama kingine, huyo abaki kwao.

Mjomba wangu ni mmoja wa waliojikuta na chama mwaka ule. Hajawahi kuiona hata ofisi yao. Alijiondoa wiki hiyohiyo, akafurahi kwamba sasa yuko huru. Mchujo wa 2022 ulipofika mtaani kwetu, aliupita kwa baiskeli akienda kibaruani.