Gundrada alikuwa binti wa nani?

Mtu akitaka kujua babu zake, huwauliza wazee. Lakini wote wakiisha kufa tangu miaka mia tisa, nani atajibu? Hapo zinabaki hati.

Hati ni maandiko ya ushuhuda. Zamani katika Normandie, upande wa kaskazini wa Ufaransa, bwana mkubwa aliweza kuwapa wamonaki shamba au kanisa. Ndipo mwandishi aliandika juu ya ngozi ya mnyama: nani anatoa, anatoa nini, na kwa ajili ya roho za nani. Mara nyingi mke, watoto na wazazi walitajwa pia. Mashahidi wakatia alama ya msalaba. Mtaalamu akizipanga hati hizo kwa miaka yake, aweza kuona nani alizaliwa na nani.

Lakini hati nayo yaweza kudanganya. Sikieni habari ya Gundrada.

Gundrada aliolewa na Guillaume de Warenne, Mnormandi aliyepigana vita Hastings, Uingereza, mwaka 1066, chini ya Guillaume Mshindi. Mume na mke walianzisha monasteri ya Lewes, na Gundrada alikufa mwaka 1085. Kitabu cha hati cha Lewes kilisema kwamba mama yake ni Malkia Mathilde, mke wa Guillaume Mshindi. Watu wengi wakasadiki kwamba ukoo wa Warenne una damu ya malkia.

Wataalamu wakachungua. Kwanza, kitabu kile kiliandikwa mwaka 1444, zaidi ya miaka 350 baada ya kifo cha Gundrada. Pili, mmonaki Orderic Vitalis, aliyezaliwa mwaka 1075, aliandika kwamba Gundrada ni dada wa Gherbod, mtu wa Flandre.

Tatu, iko barua ya Mtakatifu Anselmo, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mfalme Henri, mwana wa Mathilde, alitaka kumwoza binti yake kwa mwana wa Gundrada. Anselmo akamkataza kwa sababu ya undugu: upande mmoja kizazi cha nne, upande mwingine cha sita. Kama Gundrada angekuwa binti wa Mathilde, angekuwa dada ya Henri, na wachumba wale wangekuwa na bibi mmoja. Je, Anselmo angeuacha undugu wa karibu hivi na kutaja ule wa mbali?

Basi, hati ya Lewes ilishindwa. Baraza la haki humpima shahidi kwanza. Anayetafuta ukoo naye afanye vilevile: aulize hati iliandikwa lini, na nani, na kwa faida ya nani. Wafu hawawezi kujitetea; tusiwape wazazi wasio wao.

Maulizo
1. Hati ni nini?
2. Kitabu cha Lewes kilisema nini juu ya Gundrada?
3. Barua ya Anselmo yaonyesha nini?