MKANDA WA GARI: KWA NINI TUUFUNGE?

Wengi wetu tukipanda matatu huukalia mkanda. Ati, "Mimi naenda hapo tu!" Hebu tuone utafiti unasemaje.

Gari likienda kilomita 50 kwa saa, nawe unaenda mwendo uo huo. Likigonga ukuta, gari husimama, lakini wewe husimami. Unaendelea mbele mpaka ugonge kiti au kioo. Pigo hilo ni sawa na kuanguka kutoka juu mita 10, yaani kwenye paa la nyumba ya orofa tatu!

Je, mwili waweza kustahimili pigo gani? Profesa Lawrence Patrick wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit, Marekani, aliamua kujijaribu mwenyewe. Alipanda kigari cha majaribio kinachosimamishwa ghafla, yapata mara 400.

Kule Uswidi, mwaka wa 1959, mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo alibuni mkanda unaopita begani na kiunoni. Kwa nini hapo? Mifupa ya kifua na nyonga ni imara, bali tumbo ni laini. Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure.

Hapa Kenya, "sheria za Michuki" zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 zililazimisha matatu ziwe na mikanda. Lakini mkanda uliokaliwa haumwokoi mtu. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Basi wanafunzi wenzangu, hata kama ni hapo tu, tufunge!