Shule ya Pugu na Swali la Mzee wa Bugwema

Mwezi wa Januari ofisi ya parokia hujaa watu. Huyu ataka cheti cha ubatizo cha mtoto aendaye shule ya bweni ya Kanisa, yule ataka barua ya Padre. Safari hii alikuja mzee mmoja wa hapa Bugwema kwa ajili ya mjukuu wake. Nilipomsomea ada ya shule aliyoitaka, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: zile shule walizojenga mapadre wa zamani, ambazo leo hazina ada, zilitokaje mikononi mwa Kanisa? Na aliyezitoa si Mwalimu wetu, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943?

Nami nimepita chuo cha ualimu, lakini jibu halikunijia pale pale. Basi, wasomaji wapenzi, tuitazame shule moja tu, ile ya Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Pugu ni mahali palipomwagika damu. Wabenediktini walifika huko mwaka 1888, na Januari 1889, katika vita vya watu wa pwani na Wajerumani, misioni ilishambuliwa, wakauawa mabradha wawili na sista mmoja. Misioni iliinuka tena. Wakati wa Waingereza shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, ilikuwa mojawapo ya sekondari chache za Waafrika.

Mwaka 1952 Julius Nyerere alirudi kutoka Edinburgh akaanza kufundisha hapo. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa. Machi 1955 akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimbidi achague: ualimu au siasa. Akaacha kazi, na mshahara nao ukakoma. Akarudi huku kwetu, na kwa muda alimfundisha Kizanaki padre wa Maryknoll. Wazee hupenda sana kuisimulia habari hiyo, na kila mmoja ana nyongeza yake!

Huyo huyo, akiwa Rais, alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Ikafuata Sheria ya Elimu ya 1969, na serikali ikazitwaa shule za misioni zilizokuwa zikipata ruzuku, Pugu ikiwamo. Mtakatifu Maria ya Tabora, alikofundisha kabla ya kwenda Ulaya, leo ni Milambo.

Nilipokuwa chuoni nililiona jambo hilo kuwa unyang'anyi. Sasa siwezi kusema hivyo. Shule za misioni zilipokea hasa watoto wa dini zao, na jirani yetu Mwislamu aliachwa nyuma, ingawa fedha za ruzuku zilikuwa za wote. Mwalimu alijua hayo kwa kuwa alifundisha ndani yake. Hata hivyo tusifiche hasara: padre aliyelala shuleni na kumjua kila kijana kwa jina hakupatikana tena kwa urahisi.

Novemba 1974 likaja Azimio lililotolewa papa hapa Musoma. Watoto wote waingie shule ya msingi, na wamalizao kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya Chuo Kikuu. Madarasa yalijaa, walimu wakawa haba. Lakini mama wengi wa vijiji hivi wasingejua kusoma gazeti hili pasipo Azimio hilo.

Kijana mwingine wa Pugu, Benjamin Mkapa, alikuwa Rais kuanzia 1995. Katika utawala wake ada ya shule za msingi ilifutwa, na tangu 2016 ada haidaiwi kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali. Pugu imo. Kanisa nalo limejenga shule nyingine, ambazo mzigo wake huwaangukia wazazi. Ndiyo ile ada niliyomsomea mzee.

Nilimweleza hayo yote Jumapili baada ya Misa. Akasema sawa, mjukuu ataanza sekondari ya kata, aende kwa miguu. Huko hawaulizi cheti cha ubatizo. Mzee alikichukua hata hivyo, akakikunja, akakitia mfukoni.